Kabla ya picha ya makabidhiano, ulizeni chaja inachomekwa wapi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wa barua. Mimi ni mama wa miaka 58. Kwa miaka 19 nilikuwa mtunza stoo wa kampuni moja ya miti huku Mufindi, na hapa kijijini kwetu, upande wa Nyororo, hata watoto wa chekechea wananiita Mama Stoo. Gazetini sijawahi kuandika. Kilichonitoa jikoni ni picha.

Kila kiangazi kikianza kukaza, magazeti hutoa picha ya makabidhiano. Mgeni rasmi kanyoosha mkono, mwenyekiti wa kijiji kapokea, na katikati yao kuna boksi la redio za upepo, hizi ambazo vijana wanaziita redio koli, za kuwasaidia wananchi kupambana na moto wa misitu. Kila mtu meno nje. Mimi picha hizo huzisogeza karibu na macho nikitafuta kitu kimoja: chaja. Sijaiona bado.

Kijiji chetu nacho kilipigwa picha hiyo. Tulipewa redio nane mpya, na aliyetupa simtaji kwa sababu alitoa kwa moyo mzuri, na uzembe uliofuata ulikuwa wetu wenyewe. Ziliandikwa kwenye leja ya mali ya kijiji, zikapakwa namba kwa rangi nyeupe, zikafungiwa kwenye kabati la chuma ofisini. Hiyo ilikuwa Julai. Sisi hapa wengi ni wakulima wa miti. Kuna mwenye ekari mbili na mwenye ekari ishirini, kila mtu na paina zake na milingoti yake, na majirani zetu ni Sao Hill, shamba la miti la serikali ambalo nchi hii haina kubwa kulizidi. Moto kwetu si habari ya redioni. Kuanzia Agosti mpaka mvua zianguke Novemba au Desemba, nyasi na sindano za paina chini ya miti zinakuwa kama karatasi, na mtu mmoja akichoma shamba lake la mahindi bila kuita majirani, kijiji kizima kinalala macho.

Mwezi wa kumi, saa saba mchana, upepo unavuma kama umetumwa, moshi ukaonekana nyuma ya kilima. Mtendaji alikuwa Mafinga kikaoni, na funguo za kabati zilikuwa mfukoni mwake. Vijana wakavunja kufuli kwa tindo. Redio nane zikawekwa mezani. Tano hazikuwaka kabisa. Tatu ziliwaka, na mbili kati yake zikaanza kutoa ule mlio wa kuomba chaji kabla watu hawajafika hata kwenye barabara ya kinga, ile inayoachwa wazi kati ya miti ili moto usivuke. Ikabaki moja. Akapewa kiongozi wa kikosi kilichoteremka bondeni, na huko akawa anabonyeza na kuita, anabonyeza na kuita, hakuna wa kumjibu maana wenzake walikuwa wamebeba plastiki tupu.

Sasa hapa, Mhariri, ndipo panaponinyima usingizi mpaka leo. Kundi la juu halikujua kwamba kuna watu chini. Likaamua kuwasha moto wa kwenda kuupokea ule mkubwa. Ni mbinu inayojulikana: mnaunguza nyinyi mapema, moto ukifika unakuta hakuna cha kula. Lakini chini yao walikuwapo watu kumi na mmoja wenye mapanga na matawi mabichi, na mmoja wao ni mwanangu wa tatu. Aliyewaokoa ni kijana wa bodaboda aliyeteremka kwenye njia ya ng'ombe akipiga honi mfululizo. Hakuna aliyekufa. Wifi yangu alipoteza ekari 14 za paina za miaka tisa. Zile ndizo zilikuwa ada za watoto wake wawili, zimesimama wima zikiota jua.

Kikao cha baada ya moto kilikuwa na maneno mengi. Redio ni feki. Redio zimerogwa. Redio za siku hizi si kama zile za mkoloni. Nikaomba nilale nazo nyumbani usiku mmoja, na asubuhi nikarudi na majibu.

Chaja zilikuwepo, zote nane, ndani ya boksi, hata nailoni hazijavuliwa. Plagi zake zilikuwa na miguu miwili bapa, haziingii kwenye soketi zetu za matundu matatu, na adapta iliyonunuliwa ilikuwa moja, ikachukuliwa na printa. Soketi yenyewe ofisini ni moja. Betri mpya hutoka kiwandani zikiwa na chaji kiasi tu, si kamili, kwa hiyo siku ya picha ziliwaka vizuri, watu wakasema haloo haloo, wakafurahi, wakaamini zimejaa. Mbili zilirudishwa kabatini zikiwa zimewashwa. Na ile namba 6 ilikuwa na kisa chake: alikuwa amepewa mlinzi wa usiku, naye akagundua kwamba ina tochi na inashika matangazo ya mpira. Simba na Yanga aliisikiliza yote pamoja na uchambuzi baada ya mechi, kisha akaitia kabatini bila kumwambia mtu. Simlaumu sana. Usiku wa Mufindi ni mrefu, na hakuna aliyemweleza kazi ya kile chombo.

Mwenyekiti akasema, "Mama, basi hizi zikae kwako." Nikamjibu zitakaa, lakini funguo ya pili iwe kwa jirani yangu, bibi mjane asiyesafiri, na kijiji kinipe kaunta buku, adapta na betri nne za akiba. Kaunta buku na adapta nilivipata wiki ile ile. Betri za akiba nilisubiri miezi minane.

Ninachokijua nilikijua kazini. Kampuni ilikuwa na redio za zamani, nene kama tofali, na fundi mmoja mzee alikuwa akija kutoka Mbeya kila mwaka kabla ya kiangazi kuzikagua. Mkali. Chai yake alikunywa akiwa amesimama. Siku ya kwanza alinikuta nikijivuna kwamba stoo yangu ina redio 22 na hakuna iliyopotea. Akaniuliza ngapi kati ya hizo zinafika jioni zikiwa bado zinaongea. Sikuwa na jibu. Akakaa siku tatu, na tulipomaliza kuzipima zilikuwa tisa.

Betri za wakati ule zilikuwa za nikeli, zile zinazoandikwa Ni-MH. Kila seli ina volti 1.2, kwa hiyo redio ya volti 7.2 ina seli sita ndani. Tabia yake ni kuvuja. Uijaze leo, uiweke kabatini, mwezi ukiisha robo nzima au zaidi imeondoka bila mtu kuigusa. Hizo tulikuwa tunazitumia mpaka redio ilalamike ndipo tunachaji, na mara chache kwa mwaka tunazimaliza na kuzijaza mara mbili tatu mfululizo ili zirudishe nguvu. Zile za kadimiamu zilizotangulia ndizo zilizohitaji zaidi huduma hiyo.

Za kijijini ni za lithiamu. Seli mbili za volti 3.7, jumla 7.4, na zikijaa zinafika 8.4. Huyu ni mnyama mwingine kabisa. Havuji sana, lakini hataki kuachwa na njaa. Kuna kijana wetu aliyesomea umeme alikuwa akisisitiza kwamba redio ziachwe ziishe kabisa kabla ya kuchajiwa, kwa sababu baba yake alimfundisha hivyo. Baba yake hakukosea. Alifundisha betri za enzi zake. Lithiamu ukiiacha tupu kwa wiki kadhaa, seli inashuka chini ya kiwango, kinga iliyomo ndani inakata, na ukiiweka kwenye chaja taa inapepesa nyekundu tu na haipokei kitu. Zile mbili zilizorudishwa kabatini zikiwa zimewashwa zilikwisha namna hiyo. Watu walisema zimeisha chaji. Zilikuwa zimekufa, na mpaka leo ziko kwenye ndoo ya mchanga nyuma ya nyumba yangu zikisubiri mtu wa kuzipeleka panapostahili, maana motoni sizitupi na chooni sizitupi.

Kuanzia Julai mpaka mvua zishike, betri zangu zote zinakaa zimejaa. Jumatatu na Ijumaa zinapanda kwenye chaja kwa zamu, nne nne, redio ikiwa imezimwa. Ukiiacha imewashwa chaja inachanganyikiwa, haijui inajaza au inalisha. Taa ikigeuka kijani naongeza kama saa moja kisha nazitoa. Sizilazi kwenye chaja wiki nzima, kwa sababu lithiamu inayokaa imejaa na ina joto inazeeka haraka. Mvua zikishika mambo yanageuka. Nazitoa kwenye redio, naziacha zikiwa nusu, nazipanga kwenye boksi la mbao chumba cha ubaridi, na kila mwisho wa mwezi nazitazama kama zimeshuka. Msimu huo watu wako kwenye ulanzi na mahindi, hakuna anayeulizia redio, na ndio wakati zinaposahaulika.

Betri zina namba zake, tofauti na namba za redio. Nimeziandika kwa rangi ya kucha ya binti yangu, nyekundu, haitoki kwa mvua wala jasho, na pembeni nimeweka mwezi na mwaka ilipoanza kazi. Binti alinuna, nikamnunulia nyingine. Namba hii ndiyo inayonisaidia kuliko kitu chochote, kwa sababu redio yenyewe inaweza kuishi miaka kumi, lakini betri ikifikisha miaka miwili au mitatu ya kazi unapaswa kuanza kuitilia shaka hata kama ganda linang'aa. Kila miezi mitatu nawasha redio saa kumi na mbili asubuhi, sauti ya kati, naiweka dirishani, naendelea na ng'ombe wangu. Ikilia mara ya kwanza naandika saa, naizima na kuichaji, siingoji izimike. Zilipokuwa mpya zilikuwa zinalia alfajiri ya siku ya pili. Namba 5 siku hizi inalia saa tatu usiku. Fundi wa Mbeya alikuwa na kipimo chake: ikishuka chini ya asilimia 80 ya nguvu ya mwanzo, itafutiwe mrithi. Namba 5 nimeifunga uzi mweusi, inatumika kwa mazoezi tu.

Naomba niseme pia kuhusu utomvu wa paina, kwa sababu sijaona kitabu cha maelezo kinachoutaja. Vijana wakitoka kupogoa mikono yote inanata, wanashika betri, wanaichomeka, na vile vibati vya shaba nyuma yake vinapakwa gundi isiyoonekana. Chaja inawaka kijani baada ya dakika tano, unadhani imejaa, kumbe mguso ni mbovu. Mimi nafuta kwa kitambaa chenye spiriti kidogo, na pakiwa pameanza kutu nasugua taratibu kwa kifutio cha penseli. Kifutio cha mtoto wa darasa la pili kimefufua redio mbili zilizokuwa zimeshaandikwa mbovu kwenye leja. Na vibati hivyo hivyo ndivyo vilivyomuunguza kijana mmoja paja: alitia betri ya akiba mfukoni pamoja na funguo na sarafu za shilingi 200, chuma kikaunganisha pande mbili, suruali ikatoa moshi katikati ya mkutano. Sasa kila betri ya akiba inatembea kwenye soksi. Soksi kuukuu zinatosha.

Baridi yetu nayo ina tabia zake. Juni na Julai kuna asubuhi nyasi zinakuwa nyeupe huku. Mzee anayelinda kilimani alinirudishia redio akiwa amekasirika, anasema nimempa betri iliyochoka, imezimika saa kumi na moja alfajiri. Nikaiweka ndani kwenye joto la nyumba nusu saa, tukanywa uji, nikaiwasha: ilikuwa na karibu nusu. Baridi haikuiba chaji, ilizifanya seli zigande uvivu. Tangu hapo mzee anatembea na betri ya pili mfuko wa ndani wa koti, karibu na mbavu, na anazibadilisha. Kuna jambo moja tu la kuangalia: betri iliyotoka kwenye baridi kali haichajiwi hapo hapo. Chini ya nyuzi sifuri lithiamu inaharibika ndani kwa ndani ikichajiwa, na mimi sisubiri ifike huko; chumba kikiwa chini ya nyuzi 5 nangoja jua lipande. Wala msiipashe kwenye jiko la mkaa. Mama mwenzangu mmoja alifanya hivyo kwa nia njema, na redio namba 3 mpaka leo ina kona iliyoyeyuka kama mshumaa.

Watu wananiuliza kwa nini boksi limeandikwa saa 12 na siku ya moto inazima baada ya saa tano. Boksi halijadanganya, ila lina hesabu yake. Watengenezaji wengi wanapima kwa kugawanya muda hivi: asilimia 5 ukiongea, asilimia 5 ukisikiliza, asilimia 90 redio ikiwa kimya. Maana yake katika kila dakika kumi unaongea nusu dakika, unasikia nusu dakika, dakika tisa ni kimya. Nani anakaa kimya dakika tisa moto ukiwa unavuka barabara ya kinga? Redio ya wati 5 ikiwa inarusha inakula umeme karibu mara ishirini ya inavyokula ikiwa imenyamaza. Dakika moja ya kuongea ni kama dakika ishirini za kungoja. Kwa hiyo vijana wangu nimewafundisha kusema kwa ufupi, nani anaitwa, nani anaita, nini, ova. Walio ndani ya kitalu kimoja wanaweka nguvu ya chini, wati 1, inawatosha. Nguvu ya juu ni ya wanaoongea kilima kwa kilima. Na anayeongea bondeni apande hatua chache kabla ya kubonyeza, asimame wima na antena iwe wima. Kuita mara sita kutoka shimoni ni kumwaga chaji chini.

Salamu nilijaribu kuzikataza nikashindwa. Mhehe hawezi kuanza neno bila "kamwene", hata moto ukiwa mgongoni.

Kuhusu umeme, Mhariri, sitalalamika sana kwa sababu gazeti lako lina barua za kutosha za kukatika kwa umeme. Nitasema tu kwamba siku za moto ndizo siku za upepo, na siku za upepo ndizo siku mti unapoangukia waya. Ukitegemea soketi peke yake umejitia kitanzi. Nilipiga hesabu kwenye kaunta buku. Betri moja ya volti 7.4 yenye ujazo wa karibu ampea-saa 2 inabeba umeme wa kama wati-saa 15. Nane ni 120, na ukiongeza upotevu wa chaja na inveta, kile kifaa kinachogeuza umeme wa betri uwe kama wa soketi, weka 180. Paneli ya sola ya wati 100 siku ya jua zuri inatoa zaidi ya mara mbili ya hiyo. Kwa hiyo paneli moja, betri moja ya volti 12 ya kuhifadhia na chaja zinazokubali volti 12 moja kwa moja bila inveta zinatosha redio za kijiji kizima, na bado Mtendaji atachaji simu. Hicho ni kitu ambacho kingepaswa kuja ndani ya boksi moja na redio. Kwetu kilikuja kwa sababu wanakikundi walikubali kuchanga shilingi 1,000 kwa kila ekari, na wenye ekari nyingi ndio waliochelewa kulipa. Sitaki kuwataja, wanajijua.

Wapo wanaosema simu zimetosha, tufungue kundi la WhatsApp. Kundi tunalo. Siku ya ule moto kundi lilikuwa na picha 60 za moshi na hakuna aliyejua mwenzake yuko wapi. Mtandao wa simu kwenye mabonde yetu unakuja na kuondoka kama mgeni mwenye haraka, na simu inampigia mtu mmoja wakati redio inawaambia wote kwa pumzi moja. Simu tunaitumia kupiga 114 kuita zimamoto, na tunapiga mapema kwa sababu gari lazima litoke mbali. Lakini kati ya sasa na gari kufika, mwenye kuwajua watu wako ni redio.

Jambo la kibali niliseme haraka. Masafa ya redio hayachaguliwi kwa kubahatisha; yanaombwa TCRA, mamlaka ya mawasiliano, na yanalipiwa, na hizi redio za bei nafuu zenye vitufe vya namba ni rahisi mno kuingia mahali pasipo pako. Sisi zetu zimefungwa chaneli nne, na kitasa cha chaneli nimekizungushia plasta, kwa sababu redio iliyojaa chaji ikiwa chaneli ya 3 wakati wenzake wako ya 1 haina tofauti na zile tano za kabatini. Kila jioni saa moja, msimu wa moto, naita namba moja moja mpaka ya nane. Asiyejibu, kesho yake asubuhi niko mlangoni kwake. Mwaka wa kwanza walinikimbia. Sasa wananiletea wenyewe.

Ninachoomba kwa wanaotoa misaada ni kwamba fedha za redio nane zenye betri nane zinunue redio tano zenye betri kumi na chaja zinazoingia kwenye soketi za Tanzania. Picha itakuwa na redio chache. Kwa waandishi wako, Mhariri, naomba mkienda kwenye makabidhiano mengine muulize: zitachajiwa wapi, na nani, na umeme ukikatika? Mkiandika jibu chini ya picha, hata kwa herufi ndogo, mwenyekiti atakayekosa jibu safari hii atalitafuta kabla ya safari ijayo. Na huyo mtu wa kuzichaji alipwe chochote, hata kama ni vocha na sabuni. Mimi silipwi, na sisemi hivi ili nilipwe, ila nina miaka 58 na magoti yangu yanajua.

Nimalizie na shida yangu mwenyewe. Msimu uliopita nilitafuta betri mpya badala ya namba 5 na namba 7. Duka moja, silitaji, liliniuzia betri iliyoandikwa miliampea-saa 3,800 wakati yangu ya asili imeandikwa 1,800. Nilifurahi mpaka nilipozishika, moja mkono huu na nyingine mkono huu: ile ya 3,800 ilikuwa nyepesi kuliko ya zamani. Nikaipima kwa utaratibu wangu wa dirishani, ikalia saa nane mchana. Muuzaji alisema niliichaji vibaya. Nina redio nane, kiangazi kinakaribia, na betri mbili zenye uzi mweusi. Anayejua duka la kuaminika Mbeya, Makambako au hata Dar es Salaam, aandike hapa hapa kwenye ukurasa huu. Gazeti linatufikia jioni na basi la kutoka Mafinga, nami ninalisoma lote hadi matangazo ya vifo. Ataje bei, na kama ana mizani, ataje na uzito wa betri kwa gramu.

Mama Stoo,
Nyororo, Mufindi, Iringa.
(Jina kamili limehifadhiwa)